Hesabu za x, uwiano na mwendo: namna ya kuzitatua hatua kwa hatua bila kubahatisha

Maswali ni yaleyale kila siku. "Hiyo x inatoka wapi?" "Kwa nini ikivuka upande wa pili inageuka alama?" "Hapa nizidishe au nigawanye?" Nimeshayajibu mpaka vidole vimechoka, kwa hiyo leo naandika yote sehemu moja, ukikwama unarudi hapa unasoma hatua uliyokwamia, unaendelea na safari.

Kitu kimoja nikwambie mapema. Wengi wanaosema "mi hesabu zinanishinda" kukokotoa wanajua vizuri tu, wanachemka kabla ya kukokotoa, pale kwenye kugeuza maneno ya swali kuwa mstari wa hesabu. Mtu anaona namba tatu kwenye swali, anazikamata, anazidisha mbili anagawanya kwa ya tatu, anapata jibu, na ukimuuliza "hilo jibu ni la nini?" anakodoa macho. Ndo maana hatua nne za kwanza hapa chini karibu hazina hesabu kabisa, na hizo ndo watu wanaziruka.

Unachohitaji kabla hujaanza

Penseli, raba na daftari lenye nafasi, sio kona ya karatasi iliyobaki. Kila mstari wa mlinganyo (ikwesheni, kama wengi tunavyoita) unakaa peke yake na alama za = zinapangana chini kwa chini. Kalkuleta iweke pembeni, utaitumia mwisho kuhakiki tu.

Halafu jipime na vitu vitatu hivi, bila kuchungulia jibu:

- −3 − 5
- theluthi mbili ya 18
- 4 + 2 × 5

Majibu ni −8, 12 na 14. Kama la mwisho umepata 30 basi MAGAZIJUTO imekutoka kichwani: mabano kwanza, halafu kugawanya na kuzidisha, kujumlisha na kutoa mwishoni. Kama la kwanza umepata 2 au 8, kaa na namba hasi nusu saa kwanza, maana huko mbele zitakusumbua kila mstari na utadhani ni x inayokusumbua.

Hatua ya 1: Soma swali mara mbili, andika unachotafuta

Mara ya kwanza soma kama hadithi, usiguse penseli. Mara ya pili soma ukiandika. Na kitu cha kwanza kuandika ni sentensi nzima: "Natafuta muda, kwa saa, ambao bomba mbili zitajaza tangi." Sio "x = ?" tu. Sentensi hiyo inakuchukua sekunde kumi, na mwisho wa swali ndo inakukumbusha umeulizwa saa na sio lita. Nimeona watu wanatatua vizuri kabisa, wanapata umri wa mtoto, wanapiga mstari chini kwa mbwembwe, kumbe swali liliuliza umri wa mama.

Hatua ya 2: Vipimo viwe vya aina moja

Dakika na saa zisikae kwenye mlinganyo mmoja. Mita na kilometa hivyohivyo. Geuza kabla hujaanza, usiseme nitageuza mwishoni.

Hapa naomba tutulie kidogo. Kuna kijana nilikuwa namfundisha, nikampa swali: mtu kwa baiskeli kaenda km 15 kwa dakika 50, mwendokasi wake ni km ngapi kwa saa? Akaandika 15 ÷ 0.50, akapata 30. Akafurahi. Na ubaya wa jibu lile ni kwamba lilikuwa linaonekana zuri, baiskeli kwenda km 30 kwa saa inawezekana, kwa hiyo hata alipoliangalia tena hakuona shida. Lakini dakika 50 sio saa 0.50, saa 0.50 ni nusu saa yaani dakika 30. Dakika 50 ni 50/60 ya saa. Ukienda sawasawa: 15 ÷ 50 = 0.3, yaani km 0.3 kwa kila dakika, mara dakika 60, unapata km 18 kwa saa. Tofauti ya 18 na 30 imetokana na nukta moja tu iliyokaa mahali pasipo pake.

Kwa hiyo weka kichwani: dakika 45 ni saa 0.75, dakika 30 ni 0.5, dakika 15 ni 0.25, dakika 6 ni 0.1. Na saa moja na dakika 20 haiandikwi 1.20, andika 4/3 ya saa, au fanya kila kitu kwa dakika, dakika 80, imeisha hiyo.

Hatua ya 3: Ipe jina namba usiyoijua

X haitoki popote, unaiweka wewe. Ni jina la muda la namba ambayo bado hujaijua, kama unavyosema "fulani" kwa mtu usiyemjua jina. Andika: "x = idadi ya dakika." Iwe idadi ya kitu fulani chenye kipimo, usiandike "x = bomba" maana bomba sio namba.

Kama kuna vitu viwili usivyovijua, angalia kwanza kama kimoja unaweza kukisema kwa kutumia kingine. Kaka ana miaka 4 zaidi ya mdogo wake? Mdogo ni x, kaka ni x + 4. Herufi moja imetosha, hakuna haja ya kuleta y. Mimi huwa naipa x ile ndogo, ili nyingine nizipate kwa kujumlisha au kuzidisha. Ukiipa ile kubwa utaanza kutoa na kugawanya, na huko ndo makosa yanapozaliwa.

Hatua ya 4: Geuza sentensi kuwa mlinganyo

Tafuta neno linalobeba usawa: "ni", "ni sawa na", "unapata", "jumla yake ni". Hapo ndo alama ya = inapokaa. Kilichosemwa kabla kinakaa kushoto, kilichosemwa baada kinakaa kulia.

Maneno mengine yanayozoeleka:

- "Namba ikiongezwa 7" ni x + 7
- "Pungufu ya namba hiyo kwa 5" ni x − 5, sio 5 − x
- "Mara tatu ya namba" ni 3x
- "Mara tatu ya namba, kisha ongeza 2" ni 3x + 2
- "Namba ongeza 2, kisha vyote mara tatu" ni 3(x + 2)

Hizo mbili za mwisho zitofautishe vizuri, mabano yanabadilisha kila kitu. Weka x = 1 uone: ya kwanza inatoa 5, ya pili inatoa 9.

Mtego mwingine ni huu na unawakamata hata watu wazima waliosoma. "Wanafunzi ni mara sita ya walimu." Tuseme n ni idadi ya wanafunzi na m ni idadi ya walimu. Wengi wanaandika 6n = m, kwa sababu wanafuata mpangilio wa maneno, wanafunzi, sita, walimu. Sasa jaribu kwa namba za kweli: walimu 10, wanafunzi watakuwa 60. Weka kwenye 6n = m, unapata 360 = 10. Vichekesho. Sahihi ni n = 6m, wachache ndo wanaozidishwa ili wawafikie wengi. Kila ukiwa na wasiwasi fanya hivihivi, weka namba unazozijua uone kama mlinganyo unakubali.

Hatua ya 5: Tatua mlinganyo

Alama ya = ni mizani. Robert Recorde wa Wales ndo aliyeianzisha mwaka 1557, akachora mistari miwili sambamba yenye urefu mmoja, kwa hoja kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana kuzidi hivyo. Kwa hiyo chochote unachofanya kushoto, fanya na kulia. Sheria ni hiyo moja tu.

Chukua 5x − 7 = 2x + 11.

1. Toa 2x pande zote: 3x − 7 = 11
2. Jumlisha 7 pande zote: 3x = 18
3. Gawanya kwa 3 pande zote: x = 6

Hakiki: kushoto 5 × 6 − 7 = 23, kulia 2 × 6 + 11 = 23. Imekaa.

Sasa lile swali la "kwa nini ikivuka inageuka alama". Haivuki! Hakuna kitu kilichoruka alama ya =. Ile −7 imeondoka kushoto kwa sababu tumeijumlishia 7, na kwa kuwa tumejumlisha 7 pande zote, kulia kukaonekana + 7. Kwa macho inafanana na kuvuka na kubadilika. Hata neno lenyewe aljebra limetoka kwenye al-jabr ya Kiarabu, al-Khwarizmi wa Baghdad alilitumia karne ya 9 kwa kitendo hikihiki, kurudishia kilichopunguzwa kwa kukiongeza pande zote mbili. Nalisisitiza hili kwa sababu mtu aliyekariri "ikivuka inageuka" atafika 3x = 18, ataivusha 3 aigeuze iwe −3, atapata x = 15. Nimeliona mara nyingi mno. Ile 3 inazidisha x, kwa hiyo inaondolewa kwa kugawanya.

Mabano yakiwepo, yafungue kwanza, na hapa macho yawe kwenye alama ya kutoa iliyo mbele ya mabano:

3(x − 4) − 2(x − 5) = 9
3x − 12 − 2x + 10 = 9
x − 2 = 9
x = 11

Ile +10 ndo kaburi la wengi. −2 mara −5 ni +10, sio −10. Ukiandika −10 utapata x = 31 na hutajua umekosea wapi.

Sehemu zikiwepo, ziondoe mapema kwa kuzidisha kila kitu kwa KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote bila baki) ya namba za chini:

x/3 + x/4 = 14

KDS ya 3 na 4 ni 12. Zidisha kila kipande kwa 12: 4x + 3x = 168, kwa hiyo 7x = 168, x = 24. Hakiki: 8 + 6 = 14. Kosa la kawaida ni kuzidisha upande wenye sehemu tu na kuisahau ile 14, unapata 7x = 14, x = 2. Kila kipande maana yake kila kipande, hata kile kilichokaa peke yake upande wa pili kimenyamaza.

Hatua ya 6: Uwiano, jiulize kwanza unaelekea wapi

Kabla hujaandika chochote cha uwiano, jiulize: hiki kikiongezeka, kile kinaongezeka au kinapungua, au hakijali?

*Vikiongezeka pamoja.* Mashine inachapa kurasa 84 kwa dakika 6, kurasa 210 zitachukua muda gani? Njia ninayoipenda ni ya kutafuta moja: 84 ÷ 6 = 14, yaani kurasa 14 kwa dakika moja. Kisha 210 ÷ 14 = dakika 15. Au kwa mlinganyo:

84/6 = 210/x

Unazidisha kwa msalaba, cha juu huku mara cha chini kule: 84x = 1,260, x = 15. Zote sawa, ila hakikisha kurasa zote zipo juu na dakika zote zipo chini. Ukiandika 84/6 = x/210 umechanganya, na jibu litakuwa 2,940, dakika karibu siku mbili nzima.

*Kimoja kikiongezeka kingine kinapungua.* Watu 6 wanamaliza kazi kwa siku 10, watu 4 wa uwezo uleule watamaliza kwa siku ngapi? Aliyezoea msalaba anaandika 6/10 = 4/x, anapata siku 6 na theluthi mbili. Yaani watu wamepungua na kazi imeisha haraka zaidi! Kungekuwa hivyo basi asingekuwepo mtu yeyote, kazi ingejimaliza yenyewe. Hapa tafuta jumla ya kazi: watu 6 mara siku 10 ni siku 60 za mtu mmoja. Gawanya kwa watu 4, siku 15.

*Kisichojali.* Mashati matatu yakianikwa pamoja yanakauka kwa saa 2, mashati sita yatakauka kwa saa ngapi? Saa 2. Jua halihesabu mashati. Ukicheka sawa, ila kwenye mtihani ukiwa na haraka utaandika 4.

Kuna pia vile vinavyofanana na uwiano lakini sio. Tangi lina lita 40 tayari, bomba linaingiza lita 12 kwa dakika. Baada ya dakika 5 lina lita 100. Baada ya dakika 10 je? Sio 200, ni 160. Muda umekuwa mara mbili lakini zile lita 40 za mwanzo hazikuzidishwa. Mlinganyo wake ni L = 40 + 12t, na hiyo 40 ikiwepo tu, msalaba haufanyi kazi. Kwa hiyo ukisikia "tayari", "kwa kuanzia" au "mwanzoni", simama.

Kugawana kwa uwiano ni fupi. Gawanya 40 kwa uwiano wa 3:5. Jumlisha mafungu, 3 + 5 = 8, kila fungu ni 40 ÷ 8 = 5, basi 15 na 25. Usichukue 3/5 ya 40, hapo unapata 24 na hiyo sio mgao, wa kwanza anapaswa kupata 3/8. Na kama hujapewa jumla, umepewa tofauti, mfano "umri wao una uwiano wa 3:5 na tofauti yao ni miaka 14", andika 3k na 5k, k ikiwa ukubwa wa fungu moja. Tofauti ni 2k = 14, k = 7, umri ni 21 na 35.

Ramani nazo zimo humuhumu. Kipimio cha 1:50,000 maana yake sm 1 ya ramani ni sm 50,000 za ardhini, yaani mita 500. Sm 7 kwenye ramani ni mita 3,500, km 3.5.

Hatua ya 7: Mwendo, bomba na mambo ya "kwa saa"

Fomula ni moja, umbali = mwendokasi × muda, nyingine mbili zinatoka humohumo kwa kugawanya.

Wastani kwanza, maana ndo unaowaingiza watu mkenge. Gari limekwenda kwa km 60 kwa saa, likarudi njia ileile kwa km 40 kwa saa. Wastani wa mwendokasi? Kila mtu anasema 50. Sasa tuseme njia ni km 120. Kwenda saa 2, kurudi saa 3, jumla km 240 kwa saa 5, yaani km 48 kwa saa. Gari limekaa muda mrefu zaidi kwenye mwendo wa polepole ndo maana wastani umevutwa chini. Daima ni umbali wote gawanya kwa muda wote.

Swali la kukimbizana: gari la kwanza limeondoka saa 2 asubuhi kwa km 60 kwa saa. La pili limetoka palepale saa 3:30 asubuhi, njia ileile, km 80 kwa saa. Litalikuta saa ngapi?

Chora mstari, weka magari mawili, andika chini ya kila moja mwendo wake na muda wake. Tuseme t ni muda wa gari la KWANZA barabarani, kwa saa. La pili limechelewa saa 1.5, kwa hiyo lenyewe limekaa barabarani t − 1.5. Wakikutana, wametembea umbali uleule:

60t = 80(t − 1.5)
60t = 80t − 120
120 = 20t
t = 6

Saa 2 asubuhi ongeza saa 6, ni saa 8 mchana. Hakiki: la kwanza 60 × 6 = km 360, la pili 80 × 4.5 = km 360. Wamekutana kweli. Ukiamua t iwe ya gari la pili, utaandika 60(t + 1.5) = 80t, utapata 4.5, na saa 3:30 ukiongeza saa nne na nusu unatua saa 8 mchana ileile. Zote halali. Kisichokubalika ni kuanza na t ya gari moja na kumalizia na ya lingine, unapata 6 halafu unaijumlishia kwenye saa 3:30, gari linakutwa saa 9:30 ambapo wenzake walishapishana zamani.

Bomba: moja linajaza tangi kwa saa 4, lingine kwa saa 6, yakifunguliwa pamoja? Usichukue wastani ukasema saa 5, bomba la kwanza peke yake linatumia saa 4, iweje likisaidiwa lichelewe! Jiulize kila moja linafanya kiasi gani kwa saa moja: 1/4 na 1/6. Jumla 3/12 + 2/12 = 5/12 ya tangi kwa saa. Tangi zima ni 12/5, yaani saa 2.4. Na 2.4 sio saa 2 na dakika 40 (tulishaongea), 0.4 × 60 = 24, basi ni saa 2 na dakika 24. Kukiwa na tundu linalomwaga tangi zima kwa saa 12, toa: 5/12 − 1/12 = 4/12, saa 3 kamili.

Hatua ya 8: Rudisha jibu kwenye swali

Rudi kwenye maneno ya swali, sio kwenye mlinganyo wako. Mlinganyo ukiwa umeandikwa vibaya, jibu litaukubali mlinganyo vizuri tu na bado litakuwa baya. Soma swali tena ukiweka jibu lako mahali pa "ngapi" na uone kama hadithi inasimama.

Ukikwama

*X zote zimefutika.* Usiogope, angalia kilichobaki. Ukibaki na kitu cha kweli kama 6 = 6, mfano 2(x + 3) = 2x + 6, basi kila namba ni jibu. Ukibaki na uongo kama 3 = 8, mfano 2x + 3 = 2x + 8, hakuna jibu kabisa. Ila kagua kwanza ulivyoandika, mara nyingi umetumia taarifa moja ya swali mara mbili na nyingine umeisahau.

*Jibu limetoka hasi.* Lita hasi au watu hasi, umekosea, rudi hatua ya 4. Lakini muda hasi unaweza kuwa na maana. Baba ana miaka 44, mtoto 20, baada ya miaka mingapi baba atakuwa na umri mara tatu ya mtoto? 44 + x = 3(20 + x), inatoka x = −8. Maana yake ilishapita, miaka 8 iliyopita baba alikuwa na 36 na mtoto 12.

*Jibu ni sehemu mbaya mbaya, kama 17/6.* Sio lazima uwe umekosea. Hakiki, ikikubali iache. Ila ikiwa unahesabu watu, hapo fikiria upya.

*Namba ni sahihi ila alama imegeuka.* Asilimia kubwa ni mabano yenye alama ya kutoa mbele. Anzia hapo kabla ya kufuta ukurasa mzima.

*Nina herufi mbili na mlinganyo mmoja.* Kuna sentensi kwenye swali hujaitumia. Itafute, kawaida ipo mwanzoni, ile uliyoisoma ukadhani ni maelezo tu.

*Nikiona mfano naelewa, nikifanya mwenyewe siwezi.* Chukua mfano wa magari hapo juu, funika kila kitu isipokuwa swali, ufanye upya. Ukikwama funua mstari mmoja tu, funika tena. Kesho yake urudie bila kufunua. Kusoma mfano kwa macho hata mara kumi hakufundishi mkono.

Ya kujaribia

a) Namba ukiizidisha kwa 4 kisha ukatoa 9, unapata sawa na namba hiyohiyo ikiongezwa 15. Ni ipi?

b) Pampu 3 zinakausha bwawa kwa saa 8. Pampu 5 za aina ileile je?

c) Mkimbiaji kamaliza km 9 kwa dakika 40. Ni km ngapi kwa saa?

d) Kwaya ya watu 20 inaimba wimbo kwa dakika 4. Kwaya ya watu 40 itauimba wimbo huohuo kwa dakika ngapi?

Majibu: a) 8. b) saa 4 na dakika 48, ukiandika 4.8 na ukaishia hapo nakupa nusu maksi. c) 13.5. d) Kama umeandika 8, rudi kwenye mashati.